Kuanzisha Karakana ya Mtaa Mjini Tanga: Mwongozo kwa Wenye Nia na Wasio na Mashine

Ni nadra kuingia nyumba ya Ngamiani, Makorora au Chumbageni usiikute feni iliyosimama pembeni, imefunikwa kitambaa, ikisubiri siku ambayo mwenyewe atapata nafasi ya kuipeleka kwa fundi. Mara nyingi kilichoiua ni kifaa kisichozidi ukubwa wa kiberiti, na ikiwekewa kingine itazunguka miaka mingi zaidi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuanzisha mahali ambapo feni kama hiyo hufunguliwa mezani mbele ya mwenyewe, akaonyeshwa ubaya ulipo, akashika bisibisi kwa mkono wake, kisha akarudi nyumbani na feni yake pamoja na maarifa. Mahali hapo nitapaita karakana ya mtaa.

Karakana ya mtaa haifanani na gereji, kwa sababu gereji unaacha kitu na fedha, unarudi jioni kukichukua. Wala haichukui nafasi ya chuo cha VETA, ambacho hufundisha kwa mtaala na kutoa cheti. Hapa anayefundishwa ni mtu mwenye shida ya leo: cherehani inayoruka mishono, baiskeli yenye ekseli iliyopinda, taa ya sola isiyoshika chaji. Nchi nyingine zimefika kwenye wazo hili kwa njia mbili tofauti. Mwaka 2001 Neil Gershenfeld na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walianzisha kituo ambacho kilizaa karakana zenye mashine zinazoongozwa na kompyuta, nazo zikaenea duniani. Mwaka 2009 Martine Postma wa Amsterdam alianza kwa meza, mafundi wa kujitolea na majirani walioleta vitu vibovu. Jirani zetu wa Arusha wana karakana ya Twende, ambako watu wa kawaida hutengeneza zana zao wenyewe. Kwa maoni yangu, anayeanza Tanga bila mtaji aifuate kwanza njia ya Amsterdam. Mashine inaweza kungoja, lakini feni haikosekani.

Tafuta mafundi kabla ya kutafuta nyumba

Watu wengi huanza kwa kutafuta ufadhili wa mashine, na hapo ndipo wanapokosea. Niliwahi kuona mashine nzuri ya kukereza chuma imeletwa kama msaada mahali ambapo umeme ulikuwa wa fezi moja, ilhali motori yake ilitaka fezi tatu. Ilikaa chini ya turubai hadi watoto wakaizoea kama kiti.

Tanga ina utajiri wa mafundi ambao miji mingi haina, na sababu yake ni ya kihistoria. Ujenzi wa reli kuelekea Usambara ulianza hapa mwaka 1893, na mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Reli na mkonge vyote vilikula vyuma. Kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake, yaani mashine ya kusaga majani ya mkonge, na korona haiendi bila mtu wa kukereza shafti, wa kuchomelea na wa kufunga mikanda. Vipuri vilipochelewa melini, fundi alivitengeneza. Mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge zaidi ya tani 230,000. Baadaye zao hilo liliporomoka, mashamba mengi yakafungwa, na mafundi wakatawanyika mitaani pamoja na ujuzi wao. Wazee wa namna hiyo, na wale waliojifunza kwao, ndio hazina yako ya kwanza. Yupo mzee anayejua kwa sikio tu kwamba beringi imechoka, na ujuzi huo haujaandikwa popote.

Hata hivyo, usitegemee kwamba fundi atafurahi ukimwambia aje kufundisha watu bure. Yeye huuza anachokijua. Ukimtaka akigawe kwa majirani wote, umemwomba akate mkate wake mwenyewe, na akikataa hana ubaya wowote. Jambo hili linahitaji kushughulikiwa kwa haki tangu siku ya kwanza, na njia niliyoiona ikifaa ni kugawanya kazi waziwazi. Karakana ichukue zile kazi ndogo ambazo fundi mwenyewe huzikwepa, kwa kuwa zinamla saa nzima kwa malipo ya shilingi chache: kapasita ya feni, waya wa pasi, swichi ya taa, tairi ya toroli. Kazi kubwa, kama kusuka upya koili ya motori, kujaza gesi ya friji au kufungua injini ya boti, isifanyike hapo. Mwenye kitu aandikiwe karatasi na kuelekezwa kwa mafundi walioko kwenye zamu. Fundi akiona kwamba jioni moja karakanani inamletea wateja wawili wa kazi nzito juma lijalo, hofu yake hupungua bila hotuba. Pamoja na hayo, alipwe kwa jioni yake kiasi mlichokubaliana kabla, na alipwe siku hiyohiyo mkononi. Asante peke yake haijazi gunia la mkaa.

Namna ya kumwendea nayo ina adabu yake. Usimfuate na fomu, wala usimwite kikaoni. Nenda kibandani kwake wakati kazi imelegea, baada ya alasiri, ukiwa na kitu kibovu cha kweli mkononi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?”

“Pasi hii, fundi. Lakini leo ningependa unionyeshe unavyoifungua, nami nitalipa kama kawaida.”

Ukimtazama akikuonyesha, utajua kama huyu ni mwalimu. Wapo mafundi hodari ambao mikono yao huenda mbio na mdomo umefungwa, na hao usiwaache: mpangie kila mmoja kijana mdadisi wa kukaa ubavuni, ambaye kazi yake ni kuuliza kwa sauti “kwa nini umeanza na hicho?” na kuandika jibu. Baada ya jioni kadhaa kijana huyo ndiye atakayewaeleza wageni, na huenda fundi akamchukua kuwa mwanagenzi wake. Kanuni moja tu iwabane wote: mwenye kitu ndiye anayeshika kifaa, na fundi anaelekeza.

Nyumba, umeme na ardhi ya pwani

Chumba cha mita nne kwa tano kinatosha kwa meza mbili, mradi kiwe na mlango mpana, madirisha pande mbili na sakafu ya saruji. Ua wenye kivuli ni bora zaidi, kwa kuwa kazi ya kuchomelea na ya grainda haifai kufanywa chumbani pamoja na watu wengine. Ongea na mwenyekiti wa mtaa mapema, na uzungumze na majirani kuhusu makelele. Jioni tatu kwa juma zisizogusa nyakati za sala na zisizopita saa tatu usiku zitakuepusha na ugomvi. Mwezi wa Ramadhani sogezeni kazi hadi baada ya tarawehe, au mfunge kabisa.

Umeme ndio mahali pa kutumia fedha zako za kwanza, hata kabla ya kununua nyundo. Mafundi wa mtaa huzoea kuchomeka mashine ya kuchomelea kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13, na soketi huyeyuka polepole hadi siku inaposhika moto. Hesabu yake ni rahisi. Ukichomelea kwa ampea 90, volti za mwali ni takriban 24, yaani mashine inatoa kilowati 2 na kidogo. Ukijumlisha inachopoteza ndani yake, inaweza kuvuta kwenye volti 230 ampea 15 au zaidi. Kwa hiyo mashine hiyo iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, yenye waya mnene na saketi breka inayoendana nao. Waya wa kurefushia nao usiwe mwembamba, na usitumike ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, maana waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto na huyeyuka kutoka ndani bila mtu kuona.

Soketi zote za mezani zilindwe na ile swichi inayokata umeme mara inapohisi miliampea 30 zikivuja kwenda ardhini. Saketi breka ya kawaida hulinda waya. Swichi hii humlinda mtu. Kisha ukague ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ardhi ya pwani yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na wakati wa kiangazi mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya, hivyo fimbo ya ethi iliyopigwa nusu mita tu ni pambo. Inapaswa kuzama hadi kwenye unyevu wa kudumu na kupimwa kwa mita. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na umwombe aieleze kwa sauti anapoifanya. Hilo litakuwa somo lenu la kwanza bila kutangazwa.

Vifaa vifuate kazi

Kwa mwezi wa kwanza andika kila kitu kinacholetwa na kila kifaa kilichokosekana. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia la kununua, nayo hufanana mara chache na ile uliyoichora kichwani. Mwanzoni utahitaji bisibisi za aina zote, koleo, seti ya spana, tupa tatu za ukali tofauti, msumeno wa chuma, nyundo mbili, kifaa cha kulehemu, mita ya umeme mbili (ya pili ni kwa ajili ya siku ambayo mtu atapima volti kwa ile ya kwanza ikiwa imewekwa kwenye ampea, aiunguze) na jiliwa moja zito la kubania kitu kinachofanyiwa kazi.

Usibane fedha kwenye jiliwa na meza yake. Jiliwa jepesi hutikisika, tupa huteleza, na mwanafunzi hudhani mkono wake ndio mbovu. Meza iwe ya mbao zenye unene wa milimita 50 hivi, ifungwe ukutani au sakafuni kwa bolti, na mdomo wa jiliwa uwe sawa na kiwiko cha mtu aliyesimama wima. Ikiwa watumiaji wanatofautiana kimo, tengeneza meza kwa kimo cha warefu na uweke kibao cha kusimamia wafupi.

Adui wa vifaa Tanga ni upepo wa bahari. Chumvi na unyevu hula chuma hata ndani ya sanduku, na tupa iliyoachwa mezani msimu wa masika hugeuka kahawia kabla mvua hazijaisha. Kila jioni, dakika kumi za mwisho ziwe za kufuta vifaa kwa kitambaa chenye mafuta membamba ya mashine. Watu wengi hutumia oili chafu ya injini kwa kuwa ni ya bure, nami nawaomba waiache, kwa sababu oili iliyotumika ina sumu zinazoweza kuleta saratani ya ngozi na vifaa hivi hushikwa na mikono mitupu. Vifaa vitundikwe ukutani kwenye ubao uliochorwa kivuli cha kila kimoja kwa rangi. Koleo likikosekana, kivuli chake hubaki wazi na kila mtu anakiona. Hakuna haja ya kumshuku mtu.

Somo la kwanza: feni

Nashauri mlango ufunguliwe kwa jioni ya feni peke yake. Feni haina mitego mingi, ina umeme na umekanika ndani ya kitu kimoja, na atakayeielewa ataelewa nusu ya motori zilizomo nyumbani. Mpangilio wa uchunguzi uandikwe ubaoni na ufuatwe bila kuruka hatua.

Kwanza, chomoa plagi na ulizungushe panga la feni kwa kidole. Likiwa zito, ugonjwa ni wa umekanika: vumbi na mafuta yaliyoganda kwenye bushi, yaani kibomba ambamo shafti huzunguka. Feni za mezani nyingi zina bushi ya shaba iliyozungukwa na kitambaa cha kunyonya mafuta, na kitambaa hicho kikikauka shafti hukwama. Safisha, tia matone machache ya mafuta ya cherehani, zungusha hadi ilegee. Usitie mafuta ya kupikia, hugeuka gundi.

Ikiwa panga linazunguka kwa wepesi lakini feni ikiwashwa inanguruma bila kuondoka, nayo ukiisukuma kwa kijiti inashika mwendo, mshukiwa ni kapasita. Motori ya feni ina koili mbili, na kapasita huitanguliza nguvu ya koili moja mbele ya nyingine ili pawe na mwelekeo wa kuzunguka. Ikichoka, nguvu hizo mbili hushindwa kupishana, motori inatetemeka mahali pamoja. Feni za mezani hutumia mara nyingi maikrofaradi 1 hadi 2, na za darini zaidi ya hapo. Kiasi kimeandikwa ubavuni pamoja na volti. Kabla ya kuigusa, iunganishwe miguu yake kwa rizista ili chaji iliyobaki iishe. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, na volti zilezile au zaidi. Anayeweka kubwa “ili feni iende kasi” anaichoma koili, na inafaa mumwonyeshe koili iliyoungua ainuse, kwa kuwa harufu ile haisahauliki.

Ikiwa feni iko kimya kabisa, pima waya wa plagi, kisha swichi, kisha koili. Koili isiyopitisha umeme haimaanishi kwamba imekufa, maana ndani yake mara nyingi kumefichwa fyuzi ya joto inayokatika motori inapopata moto kupita kiasi. Hapa ndipo somo linapokuwa tamu: fyuzi ilikatika kwa sababu bushi ilikwama, na bushi ilikwama kwa kukosa mafuta. Anayebadilisha fyuzi na kuiacha bushi vilevile ataiona feni hiyo tena baada ya juma. Na anayeiruka fyuzi kwa kuunganisha waya moja kwa moja ameondoa kitu pekee kilichosimama kati ya nyumba na moto. Karakana isiruhusu hilo kwa hali yoyote.

Baada ya feni, nendeni kwenye cherehani, kwa kuwa Tanga ina mafundi wa kushona wengi na wanawake ambao kipato chao chote kiko kwenye sindano moja. Pangeni jioni ya cherehani inayoongozwa na mwanamke fundi, na mtaona waliokuwa wakipita mbali na mlango wakiingia.

Grainda na moto

Kuhusu usalama nitasema mambo machache tu, yale ambayo nimeyaona yakipuuzwa zaidi. Grainda ndogo yenye diski ya milimita 115 huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, na ukingo wa diski hukimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Kila diski imeandikwa mwisho wa kasi yake. Diski kubwa zimekusudiwa mashine za mwendo mdogo, lakini mafundi huondoa kinga ili diski kubwa iingie kwenye grainda ndogo, na ikipasuka vipande vyake huruka kama risasi. Katika karakana yako, grainda isiyo na kinga isichomekwe umeme hata kwa dakika moja. Mtandio, ncha za kanga na mikono mipana ya kanzu vifungwe au vichomekwe ndani kabla ya kusogelea drili, na jambo hilo liambiwe wote wanaume kwa wanawake, kwa heshima, mlangoni.

Kuchomelea kunahitaji kioo cheusi cha namba 10 au zaidi. Miwani ya jua haifai hata kidogo. Anayetazama mwali hahisi chochote wakati ule. Saa kadhaa baadaye, usiku, ndipo macho yanapojaa kitu kama mchanga wa moto. Wanaotazama kutoka barabarani nao wanaumia, hasa watoto, hivyo weka pazia la turubai kuzunguka sehemu hiyo. Mabati yenye zinki yasichomelewe mpaka zinki ikwanguliwe, kwa sababu moshi wake mweupe huleta homa.

Daftari na fedha

Kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikisajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni deni, kwa hiyo usichukuliwe kabla daftari halijaonyesha kwamba karakana inaweza kulipa kodi ya nyumba na umeme wa LUKU kwa miezi sita mfululizo. Ada iwe ndogo na ya wazi, ibandikwe ukutani: ya jioni moja, na ya mwezi. Asiye na fedha alipe kwa kazi, kama kufagia au kupaka vifaa mafuta. SIDO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ifuatwe kwa ushauri wa bidhaa pale ambapo wanachama wataanza kutengeneza vitu vya kuuza.

Mashine zinazoongozwa na kompyuta, kama printa ya pande tatu, zitafika wakati wake. Zitafaa siku ambayo daftari litaonyesha gia ya plastiki ileile ikivunjika katika mashine kumi tofauti na haipatikani dukani. Siku hiyo mtajua cha kuchora, na mtakuwa na watu kumi wa kukilipia.

Daftari lenyewe liwe na safu tano: tarehe, kitu kilicholetwa, ubaya uliogunduliwa, kilichobadilishwa na bei yake, na kama kitu kilirudi. Safu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mafundi wakae nayo kwa chai, wavisome vile vilivyorudi kimoja kimoja, na yule aliyekitengeneza aeleze mbele ya wenzake anadhani alikosea wapi. Waanze na mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote, kama atakubali, ili vijana wasiogope zamu yao.